Uzi maalumu: Porsche 911, gari ambalo injini yake haikuhamishwa

Bisibisi

Wanajamvi, salaam kwenu nyote. Mijadala mingi ya magari ya spoti humu jamvini huishia kwenye bei na spidi, na ni mara chache mtu hulala chini ya gari akatueleza kwa nini limeundwa hivyo lilivyo. Nimeona nifungue uzi huu kuhusu gari moja tu, Porsche 911, ambalo limetengenezwa mfululizo tangu mwaka 1964 hadi leo, na kwa miaka yote hiyo gari linalouzwa kwa mnunuzi wa kawaida limebaki na injini palepale ambapo wahandisi wengi wangekuambia usiiweke: nyuma kabisa, kupita ekseli ya magurudumu ya nyuma. Hoja yangu ni moja. 911 ilizaliwa na kasoro ya kimaumbile, na sifa iliyo nayo leo imetokana na watu waliokubali kuishi na kasoro hiyo na kuipunguza mwaka baada ya mwaka.

Mimi ni fundi wa injini, na gari hili nililishika kwa mikono kabla ya kulisoma popote. Nikiwa bado najifunza kazi huko Arusha, gereji yetu ililetewa 911 SC ya mwaka 1979, nami nikaambiwa niikague oili. Nilifanya kama nilivyozoea kwa magari mengine yote: nikazima injini, nikasubiri oili ishuke, nikachomoa kijiti, nacho kikatoka karibu kikavu. Nilikuwa nimeshafungua dumu la oili pale mzee aliyekuwa akinifundisha aliponishika mkono. Aliwasha injini, akaiacha ipate moto hadi mshale wa joto la oili ulipopanda, akahakikisha kwamba gari limesimama mahali pa sawa, kisha akakichomoa kijiti kilekile huku injini ikinguruma. Oili ilionekana katikati ya alama mbili. Akanieleza kwamba oili ya injini hii haikai kwenye sampu chini ya krankishafti kama ya Land Rover, bali ina tangi lake la peke yake nyuma ya gurudumu la nyuma la kulia. Ukizima injini, oili hiyo huanza kuteremka taratibu kuelekea ndani ya injini, na kijiti hukuonyesha upungufu ambao haupo. Lau ningelimimina lile dumu, oili ya ziada ingesukumwa hadi kwenye kisafisha hewa, na gari lingetoka gereji likifuka moshi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta kujua ni watu gani walioamua mambo haya, na kwa nini.

Chimbuko ni Volkswagen, ile yenye mgongo wa kobe. Ferdinand Porsche, mhandisi aliyezaliwa Bohemia mwaka 1875, alianzisha ofisi yake ya usanifu mjini Stuttgart mwaka 1931, na mwaka 1934 serikali ya Hitler ikaipa ofisi hiyo kazi ya kubuni gari la bei nafuu kwa wananchi. Injini iliwekwa nyuma na kupozwa kwa hewa kwa sababu za kiuchumi: hapakuwa na rejeta ambayo maji yake yangeganda wakati wa baridi, wala propela shafti ndefu ya kupitisha nguvu chini ya sakafu. Baada ya vita Ferdinand alishikiliwa Ufaransa karibu miaka miwili, na mwanawe Ferry ndiye aliyeendeleza kazi katika kijiji cha Gmünd nchini Austria, ndani ya majengo yaliyokuwa kiwanda cha kupasua mbao. Hapo ndipo lilipotoka gari la kwanza kubeba jina la familia hiyo, Porsche 356, mwezi Juni mwaka 1948.

Naomba mlitazame vizuri gari lile la kwanza kabisa. Injini yake ilikuwa mbele ya ekseli ya nyuma, yaani katikati ya gari, mahali ambapo kanuni za uzito zinapapenda. Ni katika magari yaliyofuata ndipo waliposogeza injini nyuma ya ekseli, kwa sababu kwa kufanya hivyo walipata nafasi ya mizigo na viti vidogo vya nyuma, na waliweza kutumia vipuri vya Volkswagen kwa gharama ndogo zaidi. Kwa hiyo injini ilihama mara moja, mwanzoni kabisa, ikaelekea upande wenye matatizo.

911 yenyewe ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya magari ya Frankfurt mwezi Septemba mwaka 1963, ikiitwa 901. Umbo lake lilichorwa na Ferdinand Alexander Porsche, mwana wa Ferry, aliyekuwa hajatimiza miaka 28 wakati huo. Injini ilikuwa ya lita 2, silinda sita zilizolala chali, tatu kila upande, yenye nguvu za farasi 130, nayo iliweza kulifikisha gari spidi ya kilomita 210 kwa saa. Jina la 901 halikudumu. Mwezi Oktoba mwaka 1964 Peugeot ilidai kwamba nchini Ufaransa ina haki ya majina ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati, na Porsche, badala ya kuingia mahakamani, ikaiondoa sifuri na kuweka moja. Magari 82 yalikuwa yameshaundwa chini ya jina la 901.

Nitaendelea. Mwenye swali aliweke hapa.

Binti Fundi

Shikamoo kaka Bisibisi, na asante kwa uzi. Mimi niko mwaka wa pili chuo cha ufundi, na walimu wetu hutuambia tu kwamba injini ya nyuma inafanya gari "liteleze mkia". Naomba utufafanulie kinachotokea barabarani hasa, na kama ni hatari, kwa nini watu waliendelea kulinunua.

Bisibisi

Marahaba, mdogo wangu. Chukua nyundo, ishike mwisho wa mpini, kisha izungushe hewani na ujaribu kuisimamisha ghafla. Kichwa cha nyundo hakitaki kusimama, kinataka kuendelea na safari yake. 911 ikiwa kwenye kona ndivyo ilivyo. Dereva ameingia kona kwa kasi kupita kiasi, anaogopa, anaachia mafuta ghafla. Uzito wa gari unaegemea mbele, tairi za nyuma zinapungukiwa na mgandamizo unaozishikilia chini, na ile injini iliyoning'inia nyuma ya ekseli inataka kwenda moja kwa moja. Mkia unatoka nje ya kona, na dereva asipojua kurudisha usukani kwa wakati, gari linageuka kutazama lilikotoka. Kosa lenyewe limo katika hofu ya dereva, kwa sababu kila kitu katika mwili wake kinamwambia aondoe mguu, ilhali gari linamtaka aendelee kukanyaga japo kidogo.

Wahandisi walilijua jambo hili mapema. Kwa muda waliweka vipande viwili vya chuma cha kalibu, takriban kilo 11 kila kimoja, ndani ya pembe za bampa ya mbele, ili pua ya gari iwe nzito. Ilikuwa tiba ya kienyeji, na wao wenyewe walijua hivyo. Tiba ya kweli ilikuja kwenye magari yaliyoanza kuuzwa mwaka 1968 kwa ajili ya msimu wa 1969: magurudumu ya nyuma yalirudishwa nyuma kwa milimita 57 huku injini ikibaki ilipokuwa. Fikirieni jambo hilo kwa makini. Walipotakiwa kusogeza injini mbele, walisogeza magurudumu nyuma. Milimita 57 ni upana wa vidole vitatu tu, lakini aliyeendesha gari la kabla na la baada ya badiliko hilo atakuambia kuwa ni magari mawili tofauti.

Kwa nini watu waliendelea kulinunua? Kwa sababu uzito uleule unaokusumbua unapoingia kona ndio unaokubeba unapotoka. Tairi zinazosukuma gari ndizo zilizobeba injini, kwa hiyo zinashika barabara ambapo magari mengine yanazungusha matairi bure. Ukifunga breki, uzito unaposogea mbele, nyuma bado inabaki na uzito wa kutosha, na breki zote nne zinafanya kazi yake ipasavyo. Kwenye theluji na tope faida hiyo huonekana kwa macho: 911 ilishinda mashindano ya Monte Carlo miaka mitatu mfululizo, mwaka 1968 ikiendeshwa na Vic Elford, kisha mwaka 1969 na 1970 ikiendeshwa na Björn Waldegård wa Sweden. Kumbukeni jina hilo la Waldegård.

Mkaazi wa Ughaibuni

Ndugu Bisibisi, naishi Ujerumani kusini na jumba la makumbusho la Porsche huko Zuffenhausen, mtaa wa Stuttgart kilipo kiwanda chao, nimelitembelea. Naomba niongeze jambo moja ambalo katika kusimulia chimbuko la kampuni hii huachwa mara nyingi. Ofisi ile ya mwaka 1931 haikuanzishwa na Ferdinand Porsche peke yake. Walikuwemo mkwewe Anton Piëch na Adolf Rosenberger, aliyekuwa dereva wa mashindano na mfanyabiashara, ambaye fedha zake na uzoefu wake vilisaidia ofisi hiyo kusimama. Rosenberger alikuwa Myahudi. Mwaka 1935 hisa zake zilichukuliwa na wanafamilia, mwaka huohuo akakamatwa na kuwekwa kizuizini katika kambi ya Kislau, na hatimaye akahamia Marekani. Kwa miongo mingi jina lake halikutajwa kila historia ya kampuni iliposimuliwa. Nadhani anayeipenda 911 kwa dhati anapaswa kulijua jina hili kama anavyoyajua majina ya akina Porsche.

Bisibisi

Nakushukuru sana, ndugu yangu. Ilikuwa haki niliandike mimi mwenyewe pale mwanzo, na sikuliandika. Libaki hapa juu kwa wote.

Mzee wa Nakuru

Vijana, hamjambo. Nimesoma uzi huu hadi hapa na nimefurahi, ila nasubiri mfike kwenye mashindano ya Safari Rally, maana sisi wa Bonde la Ufa 911 hatukuijulia Monte Carlo. Pasaka ya mwaka 1978 nilikuwa kijana, nimesimama kando ya barabara pamoja na kaka zangu tangu alfajiri. Gari lilisikika kabla halijaonekana. Peugeot zilikuwa na mngurumo mzito wa chini, lakini Porsche ilitoa sauti kavu, ya juu, kama kitambaa kigumu kinachochanwa bila kukoma. Kisha ukaona nyeupe yenye mistari ya buluu na nyekundu, imeinuliwa juu kama inatembea kwa ncha za vidole, na baada ya hapo hukuona kitu tena kwa dakika nzima. Naomba fundi atueleze lile gari lilikuwa na nini.

Bisibisi

Shikamoo mzee wangu. Umenigusa mahali penyewe.

Porsche iliitamani Safari kwa miaka mingi na haikuipata. Mwaka 1972 Sobiesław Zasada wa Poland alimaliza wa pili kwa 911 S, nyuma ya Ford Escort ya Hannu Mikkola. Mwaka 1974 Waldegård akawa wa pili, nyuma ya Joginder Singh wa Kenya aliyekuwa na Mitsubishi Lancer. Mwaka 1978, hayo uliyoyaona wewe, kiwanda kilileta 911 SC mbili zenye rangi za Martini, moja ya Waldegård na nyingine ya Vic Preston mdogo, dereva wa hukuhuku Kenya. Ziliinuliwa kiasi cha kubaki takriban sentimita 28 kati ya ardhi na tumbo la gari, zikafungwa mabamba ya kinga chini, na injini zake za lita 3 zikaandaliwa kutoa takriban nguvu za farasi 250, kiasi cha chini ya uwezo wake wa juu kabisa, kwa sababu katika Safari injini inayodumu ina thamani kuliko injini inayopiga kelele. Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa Peugeot 504. Preston alikuwa wa pili, Waldegård wa nne.

Mara tatu nafasi ya pili, kwa madereva watatu tofauti. Nimezungumza na mafundi wenzangu wanaoona kuwa huko ni kushindwa, nami siafiki. Safari ya siku zile ilikuwa maelfu ya kilomita za mawe, mito iliyofurika na vumbi jepesi kama unga linaloingia kila penye upenyo, na gari la spoti lililobuniwa kwa barabara za lami za Ulaya halikuwa na sababu ya kufika mwisho, sembuse kufika wa pili. Lilifika kwa sababu halina rejeta ya kutobolewa na jiwe, halina mipira ya maji ya kupasuka, na uzito wake ulikuwa juu ya magurudumu yanayosukuma.

Kuna uzi mwingine mwembamba unaopita hapa. Baba yake Vic Preston, ambaye naye aliitwa Vic, alishinda mashindano haya mwaka 1954, yalipokuwa bado yakiitwa Coronation Safari, kwa Volkswagen ya mgongo wa kobe. Miaka 24 baadaye mtoto akawa wa pili kwa gari ambalo ni mjukuu wa ile Volkswagen. Injini nyuma, inapozwa kwa hewa, kama ya baba.

Mwanamaji wa Tanga

Mkuu Bisibisi, naheshimu ufundi wako, lakini nina pingamizi. Ferrari na wengine walishaona miaka ya 1960 kwamba mahali pa injini ya gari la kasi ni katikati, nao wakahamisha. Huku kung'ang'ania kwa Porsche mimi nakuona kama ukaidi uliobahatika. Ingekuwa kampuni nyingine tungesema wamekosa akili. Halafu kwa uzuri wa umbo, Jaguar E-Type ya mwaka 1961 hata ikiwa imezimwa inaishinda.

Bisibisi

Mkuu, la uzuri sitabishana nawe, kwa sababu E-Type nami naipenda. Kuhusu injini, una haki zaidi ya unavyodhani, na nisingekuwa mkweli kama ningekuficha jambo hili: Porsche yenyewe, katika magari ya mashindano tu, ilishahamisha. 911 GT1 ya mwaka 1996 ilikuwa na injini katikati, na 911 RSR iliyoanza kushindana mwaka 2017 injini yake iko mbele ya ekseli ya nyuma. Pale ambapo sekunde ndiyo hakimu pekee, walikubali. Magari mengine ya barabarani ya Porsche yenye injini katikati yapo pia, kuanzia 914 ya mwaka 1969 hadi Boxster ya mwaka 1996.

Ila usiseme kwamba viongozi wake hawakufikiria kuliacha. Walifikiria, na walikaribia sana kufanya hivyo. Miaka ya 1970 ilikuwa migumu kwa gari hili. Sheria za Marekani ziliwalazimu mwaka 1974 kufunga bampa kubwa zenye mikunjo ya mpira pembeni. Injini ya lita 2.7, ambayo ndani ya Carrera RS ya mwaka 1973 yenye mkia wa bata ilikuwa imewapa sifa kubwa, ilipoingizwa katika magari ya kawaida ikaonyesha udhaifu: kizimba chake kilikuwa cha magnesi, na kwa joto kali la mitambo ya kusafisha moshi, hasa Marekani, boliti ndefu zinazoshikilia vichwa vya silinda ziling'oa nyuzi na kutoka. Hadi leo fundi akifungua injini ya miaka hiyo, jambo la kwanza analotazama ni boliti hizo. Walilimaliza tatizo hilo mwaka 1978, kwa SC yenye kizimba cha alumini, ile ile niliyokuwa karibu kuijaza oili kupita kiasi.

Wakati huohuo Ernst Fuhrmann, mkuu wa kampuni, alikuwa ameshaleta mrithi. Mrithi huyo aliitwa 928, alitoka mwaka 1977 akiwa na injini ya silinda nane mbele, akipozwa kwa maji, na mwaka 1978 alitunukiwa tuzo ya Gari la Mwaka la Ulaya. Kila kitu katika 928 kilikuwa sahihi kwa mujibu wa vitabu. Mpango ulikuwa 911 ife polepole.

Mwaka 1981 akaja mkuu mpya, Peter Schutz, aliyezaliwa Berlin katika familia ya Kiyahudi iliyokimbilia Marekani akiwa mtoto. Schutz mwenyewe alisimulia kwamba aliingia ofisini kwa mhandisi mkuu, Helmuth Bott, akaona ukutani chati ya mipango ya uzalishaji. Mistari ya 928 na ya 944, Porsche nyingine, ilikuwa ikiendelea miaka mingi mbele, bali mstari wa 911 ulikoma mwishoni mwa 1981. Alichukua kalamu ya wino mzito, akauendeleza mstari wa 911 hadi ukingo wa karatasi, akapita ukutani, akatoka nao mlangoni. 928 ilikoma kutengenezwa mwaka 1995. 911 ya milioni moja ilitoka kiwandani mwezi Mei mwaka 2017.

Kwa hiyo ukaidi upo, nakubali, lakini bahati siioni. Schutz aliona kwamba wafanyakazi na wateja walikuwa wamevunjika moyo kwa sababu ya gari moja, akawarudishia.

Binti Fundi

Kaka, nimeelewa vizuri. Swali langu jingine ni kuhusu maji. Mwishowe waliacha kupoza kwa hewa, sivyo? Je, wale wanaosema kwamba 911 ya kweli iliishia hapo wana hoja?

Bisibisi

Waliacha, na ilibidi. Kabla sijafika hapo niseme kwa ufupi kwamba miaka ya 1989 hadi 1998 ndiyo mafundi wengi wanaipenda zaidi. Aina ya 964 (964, 993 na 996 ni namba za kiwandani za vizazi vya 911 yenyewe) iliyoanza mwaka 1989 ilibaki na umbo la zamani lakini asilimia 85 ya sehemu zake zilikuwa mpya. Zile fito za chuma zinazojisokota, tulizorithi kutoka Volkswagen, ziliondoka zikaja springi za kawaida, na kwa mara ya kwanza 911 ya uzalishaji wa kawaida ikasukuma magurudumu yote manne. Aina ya 993 iliyofuata ilipewa mfumo mpya kabisa wa nyuma, wenye mikono kadhaa inayolishika kila gurudumu, na hapo ndipo ule ugonjwa wa mkia ulipotibiwa kwa kiasi kikubwa, miaka 30 baada ya kuzaliwa.

Lakini wakati magari yalipokuwa mazuri kuliko yote yaliyotangulia, kampuni ilikuwa inazama. Mauzo kwa mwaka yalianguka kutoka zaidi ya magari 50,000 katikati ya miaka ya 1980 hadi chini ya 20,000 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wendelin Wiedeking, aliyeshika uongozi wakati huo, aliwaita washauri wa Kijapani waliotokea Toyota. Walikuta wafanyakazi wa Zuffenhausen wakipanda na kushuka ngazi kutafuta vipuri kwenye rafu ndefu kupita kimo cha mtu. Rafu zilikatwa kwa msumeno. Mwenye gereji yeyote hapa Tanzania anayejua ni muda gani hupotea kila siku kutafuta spana namba 13 ataelewa kwa nini jambo dogo kama hilo liliokoa kiwanda.

Maji yalikuja mwaka 1997 na aina ya 996. Sababu zake ni za kweli. Sheria za moshi na kelele zilikuwa zikikazwa, na kupata nguvu zaidi kwa moshi mdogo kulihitaji vali nne kwa kila silinda; kichwa cha silinda chenye vali nne kina joto jingi katika eneo dogo, na feni haliwezi kulifikia joto hilo lote. Kuokoa fedha, 996 ilichangia sehemu nyingi na Boxster, hadi taa za mbele, na wapenzi wa gari hawakusamehe taa hizo kwa muda mrefu. Mimi kama fundi naona kasoro kubwa zaidi ilikuwa ndani: beringi ya shafti ya kati katika injini za kawaida za aina hiyo iliweza kufa bila kutoa dalili, na ikifa hufa na injini nzima. Ajabu ni kwamba aina za GT3 na Turbo hazikuwa na shida hiyo, kwa sababu zilitumia injini ya ukoo mwingine, iliyotokana na kazi ya Hans Mezger, yule yule aliyehusika na injini ya kwanza ya miaka ya 1960.

Wanaosema 911 ya kweli iliishia mwaka 1998 nawaheshimu, kwa kuwa ile sauti aliyoieleza mzee wetu wa Nakuru ilipotea siku ile. Ila kama 911 ni mahali ilipo injini, na kwa maoni yangu hicho ndicho kiini chake, basi haijaisha. Hata ile ya mwaka 2024 yenye msaada wa umeme bado imebeba silinda zake sita nyuma ya ekseli.

Kinachonihuzunisha ni jambo lingine. Zile za hewa zimepanda bei kiasi kwamba nyingi sasa hulala ndani ya magodauni yenye viyoyozi. Injini hizi hazipendi kulala. Mpira wa sili hukauka, oili hunyonya unyevu, na gari lililoundwa kuendeshwa hufa taratibu likiwa linang'aa.

Mzee wa Nakuru

Marahaba, mwanangu, na umesema kweli. Ndiyo maana namheshimu Waldegård. Safari yenyewe aliishinda mara nne, kwa Ford mwaka 1977 na kwa Toyota mwaka 1984, 1986 na 1990, lakini kwa Porsche hapana. Kisha mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 68, alirudi kwenye mashindano ya magari ya zamani ya East African Safari Classic kwa 911, na aliyemsomea ramani safari hii alikuwa mwanawe, Mathias. Alishinda, miaka 37 baada ya kuwa wa pili kwa Lancer ya Joginder. Aliaga dunia mwaka 2014. Mwaka 2015 Msweden mwenzake, Stig Blomqvist, akashinda tena kwa 911.

Bisibisi

Mzee wangu, nakushukuru. Ushindi ule wa 2011 mimi nauhesabu ndani ya historia ya 911 sawasawa na ushindi wowote wa Ulaya. Na naona kiwandani nao hawakuisahau Safari: mwaka 2022 walitoa 911 Dakar, iliyoinuliwa juu, magari 2,500 tu. Jina ni la jangwani, kwa sababu 911 ilishinda Paris–Dakar mwaka 1984 chini ya René Metge, lakini lile umbo la gari la spoti lililosimama kwa ncha za vidole wewe uliliona Bonde la Ufa miaka sita kabla ya hapo.

Binti Fundi

Kaka Bisibisi, nisamehe kukurudisha nyuma. Gereji ninayofanyia mafunzo kwa vitendo imepokea 911 ya mwaka 1987, imekaa miaka minne bila kuwashwa, na mwenyewe anataka oili ikaguliwe kesho asubuhi. Niliposoma kisa chako nimeogopa kidogo. Nianzie wapi?

Bisibisi

Mdogo wangu, usiwashe kwanza. Gari lililolala miaka minne, oili yote imeshateremka, na tangi litaonekana tupu. Usiongeze hata tone kwa sababu hiyo. Toa oili ya zamani sehemu mbili, kwenye tangi na chini ya injini, kwa sababu ukitoa sehemu moja tu utabaki na nusu yake ndani. Badilisha filta. Toa plagi, tia matone machache ya oili katika kila silinda, kisha zungusha injini kwa mkono kwenye puli ya krankishafti, mizunguko miwili mitatu, usikilize kama kuna kinachokwama. Tazama mkanda wa feni: ukiwa na nyufa ubadilishe kabla ya yote, maana kwenye gari hili mkanda ukikatika ndiyo upoaji umekwisha. Petroli ya zamani imwagwe.

Ukishaweka oili mpya, anza na pungufu kidogo ya kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Washa, iache ipate moto hadi mshale wa joto la oili upande vizuri, gari likiwa mahali pa sawa. Kisha chomoa kijiti injini ikiwa inanguruma, usome, uongeze kidogo kidogo hadi katikati ya alama. Na mwambie mwenye gereji asiizime mpaka umalize.